Eda Yangu ya Pili

Mume wangu alipofariki, wanawake wa Jadida, mtaa wetu hapa Pemba, waliniingiza eda kwa ustadi mkubwa. Walinivisha nguo nyeupe, wakanitandikia mkeka chumba cha ndani, wakaondoa kioo ukutani na kichupa changu cha mafuta mazuri. Kisha wakanieleza, kwa sauti ya upole, namna nitakavyoishi kwa miezi minne na siku kumi: sitatoka nje ya ua, sitajipamba, sitazungumza na mwanamume asiye maharimu yangu, nitakula nikiletewa, nitajibu nikiulizwa. Niliwasikiliza nimeinamisha kichwa. Moyoni nilikuwa nasema, jamani, hayo yote nimeshayafanya miaka kumi na tisa, mnanifundisha nini?

Sikuwa nafanya mzaha. Tangu nilipomzaa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, kuna kitu kiliniingia ambacho hakikutoka. Siku arubaini za uzazi zilipita, watu wakangoja niinuke, sikuinuka. Mwili ulikuwa mzima. Nilipika, nilifua, nilisuka ukili wa mikeka na wanawake wenzangu, lakini yote hayo niliyafanya nikiwa nyuma ya pazia. Chakula hakikuwa na ladha. Mtoto akicheka nilijua kwamba anacheka, na nilijua kwamba inanipasa nifurahi, basi, ikaishia hapo. Watu hudhani mgonjwa wa namna yangu hulia kutwa kucha. Laiti ningekuwa nalia.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa Kisiwa Panza asiyejua kuzungukazunguka na maneno. Alikuja kututazama mtoto alipokaribia kutimiza mwaka. Alinikuta nimekaa kizingitini, ukili mkononi, miyaa ya kusukia imekauka kwa kungoja vidole vyangu. Akasimama mbele yangu na kikapu chake cha dagaa kichwani.

"Kafa nani?" akauliza.

"Hajafa mtu, mama."

"Basi mbona wakaa eda?"

Niliinamia ukili wangu. Alikaa siku tatu, akamwogesha mjukuu wake, akanipikia, akaondoka bila ya kuniuliza tena. Lakini neno lake lilibaki na mimi. Nikaona kweli, hii ni eda, tena eda isiyo na maiti. Na tabu ya eda isiyo na maiti ni kwamba haina hesabu ya siku. Aliyefiwa anajua lini atatolewa. Mimi hakuna aliyenihesabia.

Tulihangaika, usiseme. Nilipelekwa kwa shehe, nikanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zaafarani ndani ya sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji. Nilikunywa sahani baada ya sahani mpaka ulimi ukawa wa manjano. Nilipelekwa kupungwa. Mganga akasema nina shetani wa Kiarabu, anataka kahawa na halua. Akaletewa kahawa na halua. Ngoma ikapigwa siku mbili, wanawake wakaimba mpaka sauti zikawakauka, na mimi nikakaa katikati nimefunikwa shuka, namngoja huyo shetani apande. Hakupanda. Mganga alikasirika, akasema sijashirikiana. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma yenyewe niliijua kwa akili tu. Halua waliila wanawake.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa sala. Nilikuwa nasimama kusali, na nikifika katikati sijui nimesali rakaa ngapi. Mbili? Tatu? Kila sala nikawa naimalizia kwa sijda ya kusahau, ile ya mtu aliyepotewa na hesabu. Mwaka hadi mwaka, sala tano kwa siku, sijda ya kusahau. Nikaanza kuamini kwamba imani yangu ndiyo iliyokufa na kwamba mimi mwenyewe ndiye maiti anayetafutwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda chake karibu na nyumba, kimezungukwa na magurudumu yaliyopinda na mipira ya ndani iliyotobolewa na kuzibwa mpaka haina tena pa kuziba. Hakuwa msemaji. Ndugu zake walimshauri aoe mke wa pili, na wengine walimshauri aniache, na walimshauri huku mimi nasikia, maana mwanamke aliyenyamaza sana watu husahau kwamba ana masikio. Yeye alikuwa akiwajibu, "Nimesikia," halafu anainama na kuendelea na pancha yake. Hakuoa. Hakuniacha. Wala hakuwahi kuniuliza nina nini. Kwa miaka mingi nilidhani haoni.

Miaka miwili kabla hajafariki, simu za mkononi zimeshaenea na kila mtu anajua ya kila mtu, akasikia kwa mteja wake kwamba hospitali kuna siku moja kwa wiki wanaangalia watu wenye maradhi ya akili. Alifunga kibanda, akanipakia kwenye baiskeli, akanipeleka. Binti yetu, ambaye alikuwa amemaliza darasa lake la mwisho na yuko nyumbani, alikuja kwa miguu nyuma yetu, maana alikuwa hataki kuachwa.

Nesi aliyenipokea alikuwa msichana wa Unguja, umri wake haupishani sana na wa binti yangu. Alinisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza, na ndiye aliyenipa jina la kitu hiki. "Hii ni sonona, bibi," alisema. "Tena ya muda mrefu." Nikamuuliza kama inapona. Akasema wapo wanaopona, wapo wanaojifunza kuishi nayo. Jibu la mtu mkweli ni zuri, lakini halikupi usingizi. Usingizi nilipewa kwa vidonge, pamoja na ukavu wa mdomo.

Baada ya vidonge akanifundisha zoezi. "Akili yako haiko hapa," alisema. "Iko jana, au iko kesho. Tunataka kuirudisha hapa, kwenye dakika hii."

"Hapa pana nini?" nikamuuliza.

Akacheka, akaandika kitu kwenye faili langu. Kisha akatoa karafuu moja mfukoni, akaniwekea kiganjani. Akaniambia niitazame kana kwamba sijawahi kuiona.

Mimi! Mimi niliyekulia chini ya mikarafuu, niliyechambua karafuu na makonyo tangu sijaota meno ya utu uzima, kila msimu, mpaka vidole vikawa vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni. Msichana wa mjini ananipa karafuu moja, ananiambia nitazame. Nilitaka kuinuka niende zangu. Lakini binti yangu alikuwa ameshavuta kiti, ananitazama kwa macho ya matumaini, basi nikaitazama. Nikaona kichwa chake na meno yake manne. Nikainusa. Nikaibana kwa jino.

"Unahisi nini?" akauliza nesi.

"Karafuu."

"Na ndani yako?"

"Hamna."

"Basi hiyo hamna nayo itazame. Usiifukuze, usiihukumu. Itazame tu, halafu rudi kwenye pumzi."

Hilo ndilo lililokuwa zoezi. Kukaa, kuvuta pumzi, kuitazama pumzi ikiingia na ikitoka, na akili ikikimbia unairudisha bila ya kuigombeza. Nikazowea kulifanya kila siku baada ya sala ya alfajiri, tasbihi mkononi, na binti yangu amekaa pembeni ananihesabia: vuta, shusha, moja, vuta, shusha, mbili. Alilijua kuliko mimi. Alikuwa amekulia kwenye nyumba yenye mama asiyekuwepo, na hatimaye mtu amempa kamba ya kumvutia. Nani asingeishika?

Siwezi kusema halikufanya kazi. Sijda ya kusahau ilikwisha. Nilikuwa najua niko rakaa ya ngapi, najua mkono uko wapi, paji la uso liko wapi. Nikawa nasali polepole sana, kwa utulivu ambao majirani waliuona mlangoni, wakaanza kuniita mcha Mungu. Walikuja kuniomba niwasomee watoto wao wenye homa. Lakini mimi nilijua kilichotokea. Zamani nilikuwa nimefumba macho ndani ya chumba kitupu. Sasa nimeyafumbua, na chumba ni kilekile. Sasa nakiona vizuri. Naona kila pembe yake, na hamna kitu. Nilipomwambia nesi, akaniambia niendelee, mambo haya yanataka muda. Wakati ule nilimwona mwongo. Hakuwa mwongo. Hakuwa na kingine cha kunipa.

Kisha mume wangu akafa. Alianguka mchana mbele ya kibanda chake, gurudumu la mteja mkononi. Walipomleta ndani alikuwa ameshakata roho.

Sikuhisi kitu. Hili nimelificha miaka mingi, na leo naliandika. Nilimtazama mtu aliyeishi na mimi umri wote ule, amelazwa, ndevu zake zina vumbi la barabara, nikangoja kitu kije. Hakikuja. Niliona vumbi. Niliona kucha zake zenye grisi ambayo waosha walipata kazi kuitoa. Niliyaona yote hayo kwa ukamilifu, kama nilivyofundishwa, na moyo wangu ulikuwa mkavu. Nikaona haya. Haya ndiyo niliyoihisi, kwa mbali, nayo haikukaa.

Wanawake walisema, "Mshtuko huo, mwacheni." Siku zilipopita na mimi bado sisemi, sili mpaka nilishwe, nimekaa natazama ukuta, wakasema, "Kumbe alimpenda vino, kiasi chote hiki!" Wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye ndiye aliyewahi kumshauri nduguye aniache, alinishika mikono akalia juu yangu. "Nisamehe, wifi," akasema. "Sikujua." Sikumsahihisha. Nilichoka miaka yote ile kuwa mgonjwa asiye na sababu, na sasa nimepewa sababu nzuri, inayojulikana, yenye nguo zake na mkeka wake. Niliipokea.

Niseme ukweli, na Mungu anisamehe. Miezi ile ya eda ilikuwa ndiyo myepesi kuliko yote niliyoishi tangu nizae. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Hakuna aliyeniambia nichangamke, nitoke, nikaone watu harusini. Nilichokuwa siku zote kikawa ndicho kinachotakiwa niwe. Watu waliingia kwa upole, wakaweka uji, wakasoma, wakatoka. Nikiwa kimya walisema nina subira.

Binti yangu tu ndiye aliyekuwa akihesabu. Alikuwa ameposwa na kijana wa kwetu anayefanya kazi Unguja, kijana mzuri, ameridhika naye na sisi tumeridhika. Baba yake alipokufa akawaambia watu wa upande wa mchumba wake kwamba hataolewa mpaka mama yake atoke eda. Wakakubali, ni jambo la heshima. Lakini alikuwa na lake moyoni, na siku moja akaniambia, amekaa miguuni pangu anachana miyaa.

"Mama, mimi n'nasema ukitoka eda utoke kwenye yote. Na ile nyingine pia. Uiache humu humu chumbani."

"Ile nyingine haina eda, mwanangu."

"Ipewe. Tufanye nayo imo kwenye hesabu. Kila siku zoezi, miezi minne na siku kumi, halafu basi." Akachana uzi mmoja wa ukindu kwa kucha. "Mimi siwezi kuvuka nikakuacha vino. N'tawaza nini huko?"

Akiongea hivi sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Nilijua kwamba inanipasa niumie. Nikasema, "Inshallah, n'taiacha humu." Na kwa kuwa alibaki ananitazama, nikaongeza neno ambalo sikuwa na haki nalo: "Nakuahidi."

Huo ndio ujinga wangu. Eda ni mlango wa sharia. Unaingia siku fulani, unatoka siku fulani, na ukitoka umetoka. Sisi tumezowea hivyo, tunaamini kwamba kila kinachokaa ndani kina siku yake ya kutolewa, na binti yangu aliyeyaona hayo kwa bibi zake na shangazi zake aliichukua sonona yangu akaitia katika hesabu hiyohiyo. Na mimi, mtu mzima, nikakubali. Alikuwa akitia alama kwenye kalenda ya msikitini iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kila alama ilikuwa inasogeza ahadi yangu karibu.

Nililifanya zoezi kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo. Asubuhi, adhuhuri, baada ya alasiri. Nilitazama pumzi. Nilisikiliza kengele za baiskeli barabarani, nikatazama mwanga unavyotambaa juu ya mkeka. Akili ilikimbia, nikairudisha, ikakimbia, nikairudisha, na mwisho wake haikukimbia tena, ikakaa palepale inatazama. Hamna. Siku kumi za mwisho nililifanya kwa hasira, na nesi angenigombeza, maana hasira haimo kwenye zoezi. Alama zilipofika karibu na mwisho wa ukurasa nikaingiwa na woga, na hata ule woga ulikuwa mdogo, wa kuazima.

Siku ya kutoka ilifika. Wifi yangu alikuja mapema na wanawake wenzake. Waliniogesha kwa maji yaliyotiwa mrehani, wakanipaka hina kiganjani, wakanitia wanja, wakanifukiza udi, wakanivisha gauni jipya la kijani. Wakanishika mkono, mguu wa kulia mbele, nikakiruka kizingiti. Dua ikasomwa. Watu wakala, wakacheka, wakarejesha kioo ukutani. "Mwari huyo!" akasema mmoja, na wote wakaangua kicheko. Binti yangu alikuwa anazunguka na sahani, na kila akipita ananitupia jicho. Nilimchekea. Midomo ilijua kazi yake.

Kabla ya alasiri wakaanza kuondoka. Nilimwona wifi yangu anaukunja ule mkeka wangu, anaubeba kwapani, anakwenda zake. Nikabaki na binti, naye yuko uani kwa nyuma anasugua masufuria. Nikaona nitawadhe nisali. Wakati wa eda alikuwa akiniletea maji kwenye kopo la plastiki. Siku ile nikakumbuka birika letu la bati, ambalo tangu maiti atoke lilikuwa limewekwa kwenye kibanda cha marehemu pamoja na vyombo vyake. Nikaenda kulichukua.

Birika lile ndilo lililokuwa likiniamsha. Kila alfajiri mume wangu alikuwa akilijaza maji, siku za baridi maji ya vuguvugu, analiweka mlangoni mwa chumba, anagonga mwimo mara moja, anakwenda msikitini. Kila alfajiri. Nilikuwa nainuka, natawadha, nasali. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia ahsante. Sikumbuki kama niliwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayelijaza.

Nililijaza mwenyewe, nikalinyanyua, na mpini ukateleza mkononi. Ulikuwa umeviringishwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na ncha ya ukanda ilikuwa imebanduka kwa kukaa muda mrefu kibandani. Nikakaa chini kuirudishia. Na kwa mazowea tu, mazowea ya yule nesi, nikautazama.

Chini ya ukanda mweusi kulikuwa na ukanda mwingine mweusi, umechakaa, una kiraka. Nikaubandua. Chini yake mwingine, umepasuka. Na chini kabisa, umeganda kwenye bati, ukanda mwekundu. Mipira myekundu haiji tena Pemba. Ilikuwa ikija zamani, binti yangu akiwa kichanga. Nikaukwangua kwa kucha, na chini yake ikatokea lehemu ya fundi bati, imeacha ukingo mkali kama wembe. Nikakumbuka. Mwaka ule niliozaa, mpini ule ulinikata kiganja. Damu ikadondoka kwenye maji ya udhu, na mimi nikasimama naitazama inavyotawanyika, bila ya kuhisi maumivu. Yeye ndiye aliyenishika mkono, akauosha, akaufunga kitambaa. Kesho yake mpini ulikuwa na mpira mwekundu. Na kila mpira ulipochoka, alifunga mwingine juu yake, miaka yote ile, na mimi nimeushika mara tano kila siku na sijauona.

Nikalia.

Nilimlilia mume wangu. Kilio kilitoka tumboni, kikanikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Iliniuma. Ilikuwa inaniuma mimi, mimi mwenyewe, bila ya pazia katikati! Nikasikia udi kwenye nywele zangu, nikasikia mpira wa zamani unavyonuka, nikasikia sufuria zinavyogongana uani, na vyote vilikuwa karibu mno, vinanigusa. Nikaelewa kwamba hapa ndipo. Hapa pa yule nesi, nilipopatafuta kwenye karafuu na kwenye pumzi, ndipo nilipofika, na kilichokuwepo hapa ni kwamba alinipenda na amekufa. Nilitaka kukaa hapo. Maumivu yale nilikuwa tayari kuyabeba mpaka nife, mradi yasiondoke.

Binti yangu alisikia, akaja mbio na mikono ya majivu. Akaniona nimekaa kwenye mchanga na gauni langu jipya, wanja umenitiririka mpaka shingoni, vipande vya mpira mapajani. Akasimama.

"Mama! Imerudi?"

Uso wake sitausahau. Nilikuwa sijawahi kuuona uso ule, au tuseme sijawahi kuutazama: uso wa mtu aliyebeba mzigo tangu utotoni, akadhani ameutua leo, akaona unamrudia kichwani. Nilitaka kumwambia, haijarudi, mwanangu, imeondoka, huku ndiko kuondoka kwenyewe. Lakini kilio hakikuniachia neno. Nikatikisa kichwa tu, na yeye hakuelewa.

Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega.

"Fanya zoezi, mama. Vuta pumzi. Taratibu. Irudishe akili. Vuta, shusha, moja."

Nilitikisa kichwa tena.

"Vuta, mama! Kwa ajili yangu."

Nikavuta.

"Shusha. Mbili. Itazame pumzi tu, usitazame kingine. Tatu."

Nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Zoezi lilikuwa limeshaingia mwilini, likiitwa linaitika. Pumzi ikashuka, kilio kikashuka nayo. Tisa. Kumi. Nilimhisi mume wangu anaondoka, namhisi hasa, pumzi kwa pumzi, na nilikuwa napiga kelele ndani kwa ndani, ngoja, usiende, na pumzi inaendelea kuingia na kutoka kwa utulivu kama ilivyofundishwa. Adhana ya alasiri ilipokuwa inamalizika, macho yalikuwa makavu. Niliutazama ule mpira mwekundu. Ulikuwa mpira.

"Umeona?" binti yangu akasema, anahema, anacheka na kulia pamoja. "Umeishinda mwenyewe."

Asubuhi yake alinikuta jikoni namimina chai, uso umetulia. Alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Umepona, mama. Umeiacha kweli."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kumwambia kwamba ile ya jana ndiyo iliyokuwa uzima, na hii anayoishukuru ndiyo maradhi. Lakini kama ningesema, asingeolewa. Angetandika mkeka wake karibu na wangu, tukakaa eda ya tatu, mimi na yeye, na hiyo nayo isingekuwa na hesabu. Nikampa kikombe chake.

"Nimepona," nikamwambia.

Aliolewa baada ya miezi miwili, akavuka kwenda Unguja na mumewe. Ana watoto wawili sasa. Nesi naye alihamishwa, na anayekaa kwenye chumba chake cha hospitali hivi sasa hutoa vidonge tu, hana muda wa karafuu.

Ile mipira niliirudishia kwenye mpini kwa mpangilio wake, mwekundu chini, myeusi juu. Kila alfajiri najaza birika mwenyewe, nalishika, nautazama mpini. Navuta pumzi, nashusha, nautazama kila mkunjo, natafuta pale aliponifungulia kilio siku ile. Huu ni mwaka wa sita. Najua ulifungwa na nani, na kwa nini, na kwa ajili ya nani. Nalijua hilo vizuri, kama ninavyojua jina langu. Halinifanyi kitu.

Binti yangu hunipigia simu kila Ijumaa.

"Zoezi unafanya, mama?"

"Nafanya, mwanangu."

"Nakusikia hata kwenye simu," husema. "Sauti imetulia siku hizi."

Namwambia ndiyo, imetulia.